Ubavu wa Kwanza ni wa Guka

Tangu turudi kutoka Kiirua sijanunua hata kitunguu kwa amani. Mama wa mboga ananiuliza kama ni kweli Guka alimkumbatia chui. Mwalimu wa kwaya amesikia kwamba chui ndiye aliyemkumbatia Guka. Jumapili kuna mtu alinishika mkono langoni mwa kanisa akanipa pole ya msiba. Msiba gani, jamani? Mzee yuko nyumbani, anakula vizuri, anagombana na redio. Basi naandika yote hapa mara moja. Mkimaliza kusoma mniache nifanye kazi.

Kwa wale wasioijua nyumba yetu ya Kianjokoma, Embu: Guka ni babu yangu, Mzee Nthiga. Amepita miaka themanini na hapendi kushikwa mkono, hata akivuka barabara, hata akiwa mgonjwa. Zamani, kabla baba yangu hajazaliwa, Guka aliua chui huko chini Mbeere, kwa mkuki, ana kwa ana. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Kovu analo, refu, kutoka kiwiko cha kushoto mpaka karibu na saa yake. Na kwa sababu ya chui huyo, kondoo au mbuzi akichinjwa kwetu, ubavu wa kwanza kutoka motoni ni wa Guka. Iwe harusi, iwe ubatizo, iwe ile siku askofu alikuja. Askofu alingoja. Guka hukata kipande, hula polepole watu wakimtazama, halafu hufunga kilichobaki kwenye jani la mgomba akampelekea Cucu, nyanya yangu.

Shida ilianzia kazini. Mnajua nauza dawa za mifugo na mimea. Shemeji yangu Kirimi, mume wa dada yangu Igoki, akanipigia simu kutoka Kiirua, kule Meru.

"Shemeji Wawira, chui amekula kondoo wa tisa. Tisa! Niletee ile dawa kali. Nipake mzoga, nimwachie pale, nilale usingizi."

"Hiyo dawa haichagui, Kirimi. Utaua mbwa wote wa Kiirua na kunguru juu."

"Mbwa wamefanya nini cha maana mpaka sasa?"

Kosa langu ni kwamba nilirudia mazungumzo hayo nyumbani tukila. Guka akaweka kijiko chini.

"Sumu? Chui anapewa sumu kama panya wa ghala?"

"Guka, amekula kondoo tisa."

"Hata angekula ng'ombe! Chui anaitwa. Anatoka, mnatazamana, mmoja wenu anarudi nyumbani. Hivyo ndivyo mwanamume anavyofanya."

Cucu alikuwa anamenya viazi. Alimtazama mumewe kwa muda, kisu kikiwa kimesimama. "Basi nenda ukamwite," akasema, akaendelea kumenya.

Kianjokoma mpaka Runyenjes, pamoja na fimbo ya twiga

Pikapu ya duka ilikuwa inapeleka vifaranga vya siku moja kwa wateja, wa mwisho akiwa Kianjai. Dereva ni Munene, yule anayeimba sauti ya tatu na kusikika peke yake. Mpango wangu ulikuwa mdogo: nimpeleke Guka akasalimie vitukuu, ampigie Kirimi domo mpaka asahau habari ya sumu, tule, turudi.

Guka akatoka na koti la harusi ya baba, kofia, kigoda chake cha miguu mitatu, na kitu kimefungwa kwenye gunia, kirefu kuliko mlango.

"Mzee, hiyo ni nini?" Munene akauliza.

"Fimbo."

"Fimbo ya nani, ya twiga?"

Kuwinda ni marufuku nchini tangu kabla sijazaliwa, na Guka anajua. Nilimkumbusha. Akasema yeye haendi kuwinda, anaenda kuita. Chui akija, hilo ni shauri lao wawili.

Nyuma kulikuwa kumejaa, kwa hivyo sanduku moja la vifaranga lilikaa mapajani mwake. Vilipolala, mzee hakusogeza goti hata mara moja mpaka Runyenjes. Hapo mteja wa kwanza, mama mmoja mwenye aproni, akamwuliza kuhusu kovu, na sisi tukapata hadithi ya chui kwa mara ya kwanza siku hiyo. Chui wa Runyenjes alikuwa na urefu wa meza ya watu wanne.

Runyenjes mpaka Chuka, pamoja na Goliathi

Kabla ya kuteremka kwenye zile kona za Thuchi kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari akachungulia nyuma.

"Hiyo ndefu ni nini?"

"Mkuki," Guka akasema, kabla sijafungua mdomo.

"Wa nini?"

"Wa chui."

Nikaona siku yetu imeishia hapo. Nikacheka kicheko cha mtu anayekabwa. "Afande, ni mchezo wa kuigiza. Wa kanisa. Tunaupeleka Meru. Huyu ni Goliathi wetu."

Askari akamtazama Guka, ambaye hata akivaa kofia hafiki begani mwangu. "Huyu?"

"Watu warefu walikataa," Munene akasema, macho mbele.

"Hebu aigize kidogo nione."

Nilitegemea Guka atanisaidia. Wapi! Akanigeukia kana kwamba nimemtukana mbele ya wakwe.

"Kwanza sitaki kuwa Daudi. Goliathi nitakubali. Yule mtu alikuja mchana, akasimama waziwazi, akaita wa kupigana naye. Kijana akamtwanga jiwe kutoka mbali. Haki iko wapi hapo?"

Kumbe askari alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Uso ukabadilika. "Mzee, Daudi alikuwa na Mungu!"

"Ndiyo nasema. Daudi, Mungu na jiwe. Watatu kwa mmoja."

Walibishana karibu nusu saa. Malori yalipanga foleni nyuma yetu, watu wakipiga honi, na askari ameegemea dirisha letu anahesabu kwa vidole silaha za Goliathi. Mwishowe akatuachilia, si kwa sababu alitosheka, bali kwa sababu Biblia yake ilikuwa nyumbani. "Mtarudi kwa njia hii hii," akasema. "Nitakuwa na jibu."

Chuka tulikula githeri kwenye hoteli ya mama mmoja ambaye hakuamini kwamba watu watatu wanaweza kushiba kwa sahani tatu. Alituongezea bila kuuliza. Guka akalipa wema huo kwa chui. Sasa alikuwa na urefu wa mlango, na alikuwa ametoka mapangoni akiwa na mwenzake.

"Mwenzake alienda wapi?" nikauliza.

"Aliona vile mambo yanaenda," Guka akasema, akaongeza chumvi.

Chuka mpaka Nkubu, pamoja na mwewe

Darajani Nithi, penye ajali nyingi, Munene aliomba kwa sauti, kama afanyavyo kila mtu pale, na tukapita salama. Tulipopita njia panda ya Chogoria, gurudumu likapasuka. Ilibidi tushushe masanduku ili tupate jeki, na kwa kuwa jua lilikuwa limetoka, Guka akafungua vifuniko viwili ili vifaranga vipate hewa. Watu wanne waliokuwa wakichuma chai karibu wakaja kutusaidia kwa kutazama.

Mwewe alishuka kama jiwe. Alipita katikati yetu sote saba, akabeba kimoja, akaondoka. Kofia ya Guka ilirushwa ikiwa imechelewa sana.

"Funga! Funga sanduku!" Munene alikuwa anapiga mayowe. "Mzee, ni wewe uliyefungua! Bosi ataniambia nini?"

Guka alikuwa ameinua macho, mkono juu ya paji la uso. "Huyo namheshimu," akasema. "Amekuja mchana, mbele ya watu saba, kila mtu amemwona. Hakujificha."

"Mwambie bosi hivyo!"

"Nipe simu nimwambie."

Alipewa simu kweli. Bosi wangu alisikiliza hotuba ya dakika kumi kuhusu mwewe mwenye adabu, halafu akaniambia nisimrudishe mzee huyu kwenye gari la duka tena mpaka Yesu arudi. Kule Nkubu tulibadilisha gurudumu vizuri, tukala chapati na matumbo. Guka alikula akitazama barabara.

"Kifaranga hakikuwa na nafasi," akasema ghafla.

"Kipi?"

"Kile. Kilikuwa ndani ya sanduku." Akasukuma sahani yake mbele. "Haya, twende."

Nilidhani ni uchovu. Ninge... basi, tuendelee.

Meru mpaka Kianjai, ambapo chui anakua

Tulipita Meru bila kusimama, tukaingia barabara ya Maua mpaka Kianjai. Soko lilikuwa limechangamka. Mteja wetu wa mwisho anaitwa Baariu, mfugaji wa kuku mwenye hoteli ndogo kando ya soko. Mtu mkarimu hatari. Kabla hatujashusha masanduku tulikuwa na chai, viazi vitamu, na fungu la miraa limewekwa mbele ya Guka juu ya jani la mgomba, limefungwa vizuri.

Guka hajawahi kutafuna miraa maishani. Kwetu Kianjokoma angeikataa na kutoa mahubiri. Lakini mgeni hakatai anachopewa na mwenye nyumba, na Baariu alikuwa amesimama hapo akingoja. Guka akatafuna na majani, vijiti, kila kitu.

"Si hivyo, Guka, unabandua ganda," Baariu akamwonyesha kwa upole.

Baada ya saa moja babu yangu alikuwa amesimama juu ya kigoda. Chui wa Kianjai alikuwa kama ndama wa miezi sita. Alikuwa amekula watu wawili na kasisi wa kizungu. Guka alimwita mara tatu, chui akaitika, wakatembea kila mmoja kuelekea mwenzake kama watu wanaokwenda kusalimiana. Mkuki mmoja. Hakuna kumvizia, hakuna mtego, hakuna sumu.

"Anayeua chui aliyefungwa si mwindaji," akasema, sauti ikipanda. "Ni mwizi! Anaiba kitu ambacho hakiwezi kukimbia."

"Baite! Jamani!" mtu mmoja akapaza sauti. "Huyo ndiye mzee!"

Walimpigia makofi. Baariu ana kaka yake Kiirua, na bila kutuambia akampigia simu: muuaji wa chui kutoka Embu anakuja, ana mkuki, tayarisheni mahali. Sikujua. Nilikuwa nahangaika kumshusha mzee kwenye kigoda.

Kianjai mpaka Kiirua, na swali la Kirimi

Ilitubidi turudi Meru, tupite Makutano, tupande tena. Baridi ya Kiirua ilitupokea kabla ya watu wake. Halafu tukawaona watu: thelathini hivi, langoni kwa Kirimi, jua likiwa bado liko juu ya mlima. Walikuwa wamekuja kumtazama muuaji wa chui. Aliteremka Guka, kofia imekaa upande, anatafuna bado. Hakuna aliyeonyesha kuvunjika moyo. Wameru wana adabu.

Kirimi alinivuta pembeni. "Umeleta?"

"Nimeleta Guka."

"Shemeji, usinicheze!"

Ikaonekana kwamba askari wa wanyamapori walikuwa wamekuja jana yake, wakaweka kizimba cha chuma nyuma ya boma, na ndani yake kondoo mmoja kama chambo, akiwa upande wake uliotengwa kwa waya. Chui akiingia, mlango unaanguka. Walikuwa wameahidi kumpeleka mbugani, mbali. Kirimi hakuwa na imani. "Watamwachilia, atarudi kabla yao," alisema. Alikuwa amekonda. Igoki aliniambia jikoni kwamba hajalala vizuri kwa wiki tatu, kwamba kondoo wale ndio waliokuwa mradi wake wote, na kwamba usiku akisikia kitu anakaa kitandani akishika kichwa kwa mikono miwili.

Tulikula mukimo wa viazi na majani ya malenge. Guka akaanza hotuba yake ya haki: chui anaitwa, chui hapigwi akiwa amefungwa. Kirimi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kwa heshima kabisa:

"Guka, kondoo wangu walikuwa ndani ya boma. Nimewafungia mimi mwenyewe, kwa kufuli. Huyo chui aliwaita? Aliwapa nafasi ya kukimbia? Mbona haki ni ya kwake peke yake?"

Guka akaomba aonyeshwe mahali pa kulala.

Asubuhi, Kiirua

Kelele zilituamsha. Chui alikuwa ameingia.

Nilipofika nyuma ya boma watu walikuwa wengi kuliko jana, na si kwa ajili ya salamu. Mapanga, uma za kugeuzia mbolea, rungu. Kondoo wa chambo alikuwa mzima upande wake wa waya, akitetemeka. Askari wa wanyamapori walikuwa wamepigiwa simu. Gari lao lilikuwa limekwama kwenye matope na walihitaji saa moja. Kila mtu pale alijua maana ya saa moja.

Nilikuwa nimemngoja yule ndama wa Kianjai. Nikaona jike dogo, refu kidogo kuliko mbwa wa Kirimi, limelowa umande, limebanana kwenye kona. Lilikuwa limeuma chuma mpaka mdomo ukatoka damu. Kila mtu akisogea lilijaribu kurudi nyuma zaidi, na nyuma hakuna. Nilisikia huruma na hofu kwa pamoja, nawaambia ukweli, na miguu yangu ilitaka kwenda nyumbani.

"Tungoje nini?" mtu akasema. "Tunaye muuaji wa chui hapa!"

"Guka apige wa kwanza!" Wote wakashika maneno hayo. "Guka wa kwanza! Guka wa kwanza!"

Kirimi mwenyewe ndiye aliyeleta mkuki, ameufungua kutoka kwenye gunia, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. "Guka," akasema, "nisaidie. Nimechoka."

Guka akaupokea. Watu wakafungua njia. Akatembea mpaka kwenye kizimba, taratibu, na chui akamtemea hewa. Mzee akainua mkuki. Nilijua anachofikiria, au nilidhani najua: kama atakataa, jina lake lote la miaka sitini limekwisha mbele ya watu hawa, na kama atachoma, maneno yake yote ya jana ni upuzi. Sikutamani kuwa yeye.

Mkuki ukashuka. Akauegemeza kwenye kizimba.

"Wangu pia alikuwa amefungwa," akasema.

Wachache walisikia. "Anasema nini?"

"Nasema wangu pia alikuwa amefungwa! Yule chui wangu!" Aligeuka akawatazama. "Mtu alikuwa ametega waya wa nguruwe. Nilimkuta amenaswa mguu, amekaa hapo siku mbili au tatu, hata kunguruma hawezi. Nilimchoma nikiwa nyuma ya mti. Akageuka akaniangalia, nikakimbia. Mnasikia? Yeye amefungwa, na mimi ndiye niliyekimbia. Hili kovu ni la seng'enge ya shamba la kahawa. Niliiruka vibaya. Niliporudi jioni alikuwa ameshakufa, peke yake. Ndipo nikaita watu."

Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa masikitiko ya kweli, "Kwa hivyo ni uongo wote?"

"Wote," Guka akasema. "Isipokuwa chui alikufa."

Kicheko kimoja kikatoka, halafu vingi. Vijana walikuwa wanashikana mabega. Niliungua masikio. Mimi nimemtania mzee huyu tangu nizaliwe, lakini siku hiyo kila aliyecheka nilitaka kumtia kidole jichoni.

Kirimi hakucheka. "Umetoka Embu mpaka hapa kuniambia hivyo?"

"Jana uliniuliza swali, mwanangu. Nimelala nalo. Chui hakujua kwamba kondoo wamefungiwa. Yeye ni njaa tu. Mimi nilijua kwamba yule amefungwa." Akamwonyesha mnyama kwenye kona. "Na wewe unajua kwamba huyu amefungwa. Mimi nimeamka na jambo hilo kila asubuhi. Sikutakii."

Akaita kigoda chake. Nikamletea. Akakaa mlangoni mwa kizimba, mgongo kwa chui, akasema atakayemchoma aanze kwa kumwomba asogee.

Hapo ingeweza kwenda vyovyote. Kulikuwa na watu waliopoteza mbuzi, hawakuwa wametoka na mapanga ili kusikiliza maungamo. Aliyetuokoa ni Igoki. Alitoka jikoni na sufuria kubwa ya chai ya maziwa, ile ya sherehe, na nyuma yake watoto na vikombe na mikate iliyokatwa vipande vinene.

"Mmekuja kwangu asubuhi baridi hii, na hakuna aliyekunywa kitu," akasema, kama mtu aliyeudhika. "Mnataka wageni waseme nini kuhusu nyumba hii?"

Mjue kwamba Kiirua, kama kwetu, huondoki nyumbani kwa mtu ukiwa umekataa chai yake, na huinywi huku umesimama tayari kupigana. Kikombe kinataka mkono mmoja na mkate unataka wa pili. Nikaelewa. Nikajaza birika, nikaanza kuzunguka. "Baba, chukua chai. Weka hilo panga hapo. Ongeza? Ongeza kidogo, bado kuna." Nilimimina kikombe cha pili bila kuuliza, kama mama wa Chuka. Kwa kikombe cha tatu mapanga yote yalikuwa kwenye nyasi na watu walikuwa wanazungumzia bei ya viazi. Yule aliyecheka kwanza nilimpa kikombe cha moto zaidi. Gari la wanyamapori lilifika tukisuuza sufuria.

Chui alipopakiwa, Kirimi alisimama akitazama mpaka gari likapotea. Halafu yeye, Munene na majirani kumi wakashinda mchana wote wakifunika boma la kondoo kwa waya juu na pembeni. Guka alitoa mkuki wake uwe komeo la lango. Unafaa sana, ni mrefu kupita kiasi.

Jioni wakachinja kondoo dume, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Kirimi, kwa mazoea, akatoa ubavu wa kwanza motoni, akauleta kwa Guka.

"Mpe Igoki," Guka akasema.

Katika ukoo wetu mwanamke hajawahi kupewa ubavu wa kwanza tangu dunia iumbwe. Dada yangu hakujifanya kusita. Aliupokea, akaumaliza wote, akajilamba vidole.

Kiirua mpaka nyumbani

Mpaka Nkubu Guka alikuwa anatazama nje ya dirisha. Nilidhani anaumia kwa vile vicheko. Nilimwambia Kiirua ni mbali, habari haitafika Kianjokoma. (Ona sasa.)

"Si hao," akasema. "Ni Cucu."

Kuanzia hapo mpaka Thuchi alikuwa anafanya mazoezi, midomo ikisogea. Kizuizini yule askari alikuwepo, Biblia iko kwenye koti.

"Goliathi! Nimepata! Daudi aliua simba aliyechukua kondoo wa baba yake. Alimshika ndevu. Ana kwa ana!"

Guka akafikiria. "Nani aliona?"

"Vipi?"

"Alikuwa peke yake malishoni, na kondoo. Ni nani aliyesimulia?"

"Ni... ni Daudi mwenyewe."

"Sawa," Guka akasema kwa upole mwingi. "Sina la kusema."

Tulimwacha askari amesimama katikati ya barabara akifungua kurasa.

Cucu alikuwa mlangoni. Alimtazama mumewe mikono. "Igoki alisema kwa simu kwamba watachinja. Ubavu wangu uko wapi?"

"Kuna jambo," Guka akasema.

"Kaa kwanza."

"Nitasema nikiwa nimesimama." Akasema yote: waya, mti, kukimbia, seng'enge. Hakuacha kitu na hakuongeza kitu, na kwa Guka hilo la pili ndilo gumu. Cucu alisikiliza akipangusa mikono kwenye leso.

"Nani alikutoa kutu kwenye huo mkono?" akauliza. "Unafikiri sijui tofauti ya jino na waya?"

"Ulijua?"

"Ulikuwa na homa siku tatu. Ulikuwa unalia, unasema, amefungwa, amefungwa, mfungueni. Tulikuwa na miezi miwili ya ndoa. Nikasema, wacha apone. Ataniambia mwenyewe akiwa mzima."

Guka akakaa. Alikaa chini kabisa, kwenye ngazi, hakungoja kigoda.

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja."

"Miaka sitini?"

"Nilikuwa nakula ubavu nikingoja," Cucu akasema. Nilicheka, halafu nikaona kwamba ile leso haikuwa tena kwenye mikono, ilikuwa machoni.

Akakaa karibu naye kwenye ngazi, akaushika ule mkono wenye kovu. Guka, ambaye hashikwi mkono hata akivuka barabara, akauacha.

Mimi niliingia ndani kuosha vyombo, kwa hivyo msiniulize waliongea nini baada ya hapo.